Fumbo la Hisabati la Kila Wiki: Maswali Ambayo Walimu Huuliza Mara kwa Mara

Maswali haya yanawahusu walimu wa hisabati wa darasa la nne hadi kidato cha pili wanaoanzisha fumbo la wiki, au waliolianzisha likazimika baada ya wiki tatu. Yamepewa namba kwa sababu majibu mengi yanategemeana.

## Misingi

1. Fumbo la wiki ni nini hasa? Si zoezi tu lililopewa jina jipya?

Zoezi humwuliza mwanafunzi kama anakumbuka njia aliyofundishwa. Umefundisha kugawanya sehemu, unatoa maswali kumi ya kugawanya sehemu, naye anajua afanye nini kabla hata ya kusoma. Fumbo humfikisha mahali ambapo njia haijulikani, akaitafuta mwenyewe.

Kwa hiyo swali moja linaweza kuwa fumbo kwa huyu na zoezi kwa yule. "Watu 10 wamekutana, kila mmoja akapeana mkono na kila mwenzake mara moja; mikono imepeanwa mara ngapi?" Kwa mwanafunzi wa darasa la sita hilo ni fumbo. Kwa wa kidato cha sita aliyesoma michaguo (kanuni ya kuhesabu namna za kuchagua vitu) ni mstari mmoja wa kukokotoa.

2. Kwa nini wiki nzima? Kwa nini lisimalizike ndani ya kipindi?

Kwa sababu kukwama ni sehemu ya kazi, na kukwama kunahitaji muda. Ndani ya dakika 40 wanafunzi wanne au watano wepesi hupata jibu, waliobaki hulinakili, na somo wanaloondoka nalo ni kwamba hisabati ni ya wale wanne. Wiki inampa mwanafunzi wa katikati nafasi ya kujaribu Jumatatu, kushindwa, kuliacha, kisha kulirudia Jumatano akiwa njiani kwenda kisimani.

Hata wale walio juu kabisa hupewa muda. Katika Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, iliyoanza mwaka 1959 nchini Romania, mshindani hupewa maswali matatu kwa saa nne na nusu. Hiyo ni wastani wa saa moja na nusu kwa swali moja. Mtoto wa darasa la tano anayetakiwa kuwaza kwa dakika mbili ananyimwa kitu ambacho mabingwa wenyewe hawanyimwi.

3. Litakula muda gani wa mtaala?

Nusu saa kwa wiki: dakika 5 Jumatatu, dakika 5 Jumatano, dakika 20 Ijumaa. Ukijikuta unatumia zaidi ya hapo, mara nyingi ni kwa sababu fumbo ni refu kusomeka au unalieleza mno. Ukibanwa, punguza Jumatano. Ijumaa usiiguse, na sababu iko katika swali la 13.

4. Mimi si bingwa wa hisabati. Naweza kuliendesha?

Unaweza, kwa sharti moja: lifumbue mwenyewe kabla ya kulitoa, kwa kalamu na karatasi, bila kuangalia jibu. Andika pale ulipokwama na kosa la kwanza ulilofanya. Hapo ndipo wanafunzi wako nao watakwama, na ukurasa huo ndio maandalio yako ya Ijumaa. Mwalimu anayesoma jibu kwanza huliona fumbo kuwa jepesi, akalichagulia darasa lisilolifaa.

## Kuchagua na kuandika fumbo

5. Nitajuaje kwamba fumbo ni zuri?

Lipime kwa mambo manne. Mwanafunzi wa mwisho darasani anaweza kuanza kitu, hata kama ni kuchora tu. Mada ya wiki hii haitoi njia moja kwa moja. Kuna njia zaidi ya moja za kufika. Na kosa la kawaida linafundisha jambo.

Chukua hili: *Uani kuna kuku na mbuzi. Vichwa ni 20, miguu ni 56. Kuku wangapi, mbuzi wangapi?* Mmoja atachora vichwa 20, akavipa vyote miguu miwili miwili (40), akaona miguu 16 imebaki, akaiongeza miwili miwili kwa vichwa 8. Mwingine ataanza na 10 kwa 10, apate miguu 60, aone imezidi 4, apunguze mbuzi wawili. Wa kidato cha pili ataandika milinganyo miwili. Wote wanafika kwenye mbuzi 8 na kuku 12, na Ijumaa unaweza kuwaonyesha kwamba mchoro wa yule wa kwanza na milinganyo ya yule wa mwisho ni hoja ileile.

Mafumbo ya ujanja wa maneno, yale yanayoanza "wewe ni nahodha wa meli" na kuishia kuuliza jina la nahodha, yaache. Yanachekesha mara moja, lakini yanamzoesha mwanafunzi kudhani kila swali limemtegea mtego.

6. Nipate wapi mafumbo ya kutosha?

Kwenye kitabu chako cha kiada. Chukua swali la kawaida, uligeuze. Njia tatu hazikosi:

Toa jibu, uliza swali. Badala ya "tafuta eneo la mstatili wa sm 4 kwa sm 6", sema: "Mstatili una eneo la sm² 24 na pande zake ni namba nzima. Unaweza kuwa na vipimo gani, na upi una mzingo mdogo kuliko yote?" Watapata 1 kwa 24, 2 kwa 12, 3 kwa 8 na 4 kwa 6, yenye mizingo ya sm 50, 28, 22 na 20. Wamekokotoa mara nne, na wameona kwamba kadiri umbo linavyokaribia mraba ndivyo mzingo unavyopungua.

Uliza "njia ngapi". Namna ngapi za kulipa, za kupanga madawati, za kwenda kutoka nyumba hii hadi ile.

Ondoa kipimo kimoja, uwaulize ni kipi wanachohitaji kujua ili wafumbue.

Zaidi ya kitabu, mtaa umejaa. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64: ukianza na shimo lenye kete 2 ukaendelea kuongeza 2 kwa kila shimo linalofuata, kete 64 zitajaza mashimo mangapi? (Mashimo saba yanatumia kete 56, la nane linahitaji 16 na zimebaki 8.) Swali dogo, lakini mjukuu atakwenda kuliuliza barazani.

7. Je, kila wiki liwe fumbo jipya kabisa?

Hapana. Hili ndilo kosa linalofanya mafumbo ya mwaka mzima yasiache kitu. Panga kwa familia: wiki tatu za mafumbo yanayofanana ndani lakini tofauti kwa sura.

Mfano wa familia moja. Wiki ya kwanza, watu 10 wanapeana mikono. Jibu ni 45, na wengi watasema 90 kwa sababu wamehesabu mkono wa Asha na Juma mara mbili. Wiki ya pili, ligi ya timu 16, kila timu inacheza na kila nyingine nyumbani na ugenini: mechi ngapi? Jibu ni 240, yaani 16 × 15, na safari hii hakuna kugawanya kwa mbili, kwa sababu kila jozi inakutana mara mbili kweli. "Kosa" la wiki iliyopita limekuwa njia sahihi. Wiki ya tatu, umbo la pembe 10 lina vilalo vingapi, yaani mistari inayounganisha pembe zisizo jirani? Ni mikono ileile 45, toa pande 10 za umbo, inabaki 35.

Mwanafunzi aliyeshindwa wiki ya kwanza anarudi wiki ya pili akiwa na kitu mkononi. Muhula wa wiki 10 unabeba familia tatu, na wiki moja ya ziada kwa ajili ya kipimo kilichoelezwa katika swali la 17.

8. Wanafunzi wanakosea kwa sababu hawakuelewa maneno. Nifanyeje?

Kwanza soma maneno yako kama mtu asiye na nia njema nayo. Kiswahili chetu kina sehemu kadhaa zinazotelezesha.

Saa ndiyo ya kwanza. Ukiuliza "saa tatu na nusu asubuhi, pembe ndogo kati ya mishale ni nyuzi ngapi?", mshale mfupi uko kati ya 9 na 10, mrefu uko kwenye 6, na jibu ni nyuzi 105. Mwanafunzi atakayechora mshale mfupi kati ya 3 na 4 atapata 75, kwa hesabu safi kabisa. Ukiuliza saa tatu kamili kosa hilo halionekani, kwa sababu pande zote mbili ni nyuzi 90. Chagua mojawapo kwa makusudi: ama uchore uso wa saa, ama uliache liwe sehemu ya fumbo na ulijadili Ijumaa.

"Kila baada ya siku mbili" kuanzia Jumatatu: wengine watakwenda Jumatano, wengine Alhamisi. Taja siku mbili za mwanzo. "Mara tatu zaidi ya" iandike "ni mara tatu ya". "Isiyopungua 5" inaihesabu 5. "Zaidi ya 5" haiihesabu.

Kuna maneno mengine ambayo utata wake ndio hisabati yenyewe, na hayo usiyasafishe. "Miche 10 imepandwa kwenye mstari, kutoka mche hadi mche ni mita 3. Kutoka wa kwanza hadi wa mwisho ni mita ngapi?" Wengi wataandika 30. Jibu ni 27, kwa sababu miche 10 ina nafasi 9. Ukiongeza maelezo ya kuwaokoa, umewafumbulia.

9. Shule za sekondari zinafundisha kwa Kiingereza. Fumbo liwe kwa lugha gani?

Kwa kidato cha kwanza nchini Tanzania, bandika kwa lugha zote mbili, Kiswahili juu. Mtoto aliyetoka darasa la saba la Kiswahili akipewa fumbo la mistari mitano kwa Kiingereza, unampima lugha ukidhani unampima akili. Majadiliano ya Ijumaa yaende kwa lugha wanayowazia, na mstari wa mwisho wa daftari uandikwe kwa lugha ya mtihani.

## Jumatatu hadi Alhamisi

10. Jumatatu nifanye nini kwa dakika tano?

Litege. Darasa lote linajua namna ya kupokea: "Kitendawili!" "Tega!" Tumia utaratibu huo, unaamsha masikio bila gharama. Tofauti ni kwamba hakuna kuombwa mji: mtu akishindwa leo, hajashindwa bado.

Soma mara mbili. Kisha mwite mwanafunzi mmoja aseme fumbo linataka nini kwa maneno yake, bila kutazama ubao, na mwingine aseme ni nini tunachopewa. Waombe wote wakadirie jibu na kuliandika pembeni mwa daftari, hata kama ni kwa kubahatisha. Kadirio linamfanya mtoto awe na lake analolitetea wiki nzima. Maliza hapo. Usitoe mfano unaofanana, maana mfano ukishatolewa fumbo limegeuka zoezi.

Andika fumbo kwenye kona ya ubao iliyozungushiwa mstari, na umweleze kiranja kwamba kona hiyo haifutwi hadi Ijumaa.

11. Jumanne anakuja mwanafunzi: "Mwalimu, nimeshindwa." Nimjibuje?

Kwa swali, na swali lenyewe litokane na mahali alipo. Mwanahisabati George Pólya, mzaliwa wa Hungaria, alizipanga hatua za kufumbua kuwa nne mwaka 1945: kuelewa swali, kupanga njia, kuitekeleza, kisha kuangalia nyuma. Mwulize swali la hatua aliyokwama, si la hatua iliyo mbele yake.

Kwa fumbo la kuku na mbuzi (swali la 5), asiyeelewa: "Nichoree uani kulivyo." Aliyeelewa lakini hana njia: "Ingekuwa vichwa vitatu tu, ungefanyaje?" Aliye na njia lakini imemchanganya: "Ulichoandika hapa kinahesabu nini, vichwa au miguu?" Aliyepata jibu: "Utamshawishije asiyekuamini?"

Toa swali moja kwa siku kwa mwanafunzi mmoja, kisha ondoka. Ukibaki umesimama hapo, macho yake yatakusoma wewe badala ya karatasi. Maneno kama "jaribu kugawanya kwa mbili" ni jibu lililovaa nguo ya msaada. Yanaokoa dakika tano na kupoteza wiki.

12. Kuna mmoja anapata siku hiyohiyo na kulitangaza. Wengine wananakili au wanaliangalia kwenye simu ya nyumbani.

Mpe yule mwepesi kazi ya pili kabla hajafungua mdomo. Kila fumbo liandalie nyongeza moja mapema: "Umepata kwa watu 10. Kwa watu 100 je? Tunga lako ambalo jibu lake ni 66." (Ni watu 12.) Jibu lake la kwanza alitumbukize kwenye boksi la chaki lililotobolewa mfuniko, bila kulitaja.

Jibu likishavuja, usipige kelele. Liandike mwenyewe ubaoni Jumatano: "Jibu ni 45. Ijumaa nataka sababu." Kwa namna hiyo aliyenakili namba hana alichopata, na simu haimsaidii kusimama mbele ya wenzake. Mafumbo mengine yanafaa kutolewa hivyo tangu Jumatatu, hasa kwa darasa lililozoea kutazamiana.

## Ijumaa

13. Dakika 20 za Ijumaa ziendeje?

Hapa ndipo uwezo wa kufumbua unapojengwa. Fumbo bila Ijumaa ni tangazo la ukutani: waliokuwa wanaweza wameweza, waliokuwa hawawezi wamebaki walipo. Tutalieleza kwa fumbo moja kamili.

*Kwa sarafu za shilingi 50, 100 na 200 tu, kuna namna ngapi za kulipa shilingi 500? Mpangilio wa sarafu mkononi haujalishi.*

Alhamisi jioni kusanya karatasi na uchague tatu. Ya kwanza iwe na kosa la kawaida: mwanafunzi ameorodhesha kwa kuruka ruka, akapata namna 9 na kuishia hapo, au ameandika namna ileile mara mbili. Ya pili iwe imefika kwa njia ndefu. Ya tatu iwe na mpangilio.

Dakika 3: mmoja anakumbusha swali, watu wanatazama makadirio yao ya Jumatatu.

Dakika 4: nakili ubaoni orodha yenye kosa, bila jina. Uliza "hii imepatia nini?" kabla ya "imekosea wapi?" Darasa litaongeza namna zilizosahaulika moja moja, na ghafla mtu atauliza tutajua lini kwamba zimekwisha. Asipouliza mtu, uliza wewe. Swali hilo ndilo shabaha ya kipindi kizima.

Dakika 8: mwenye karatasi ya tatu anaeleza. Tuanze na sarafu za 200. Tukitumia mbili, inabaki 100: namna 2. Tukitumia moja, inabaki 300: namna 4, kwa sababu sarafu za 100 zinaweza kuwa 0, 1, 2 au 3 na zilizobaki ni za 50. Tusipotumia yoyote, inabaki 500: namna 6. Jumla 12, na hakuna pengine pa kujificha. Mpe mwanafunzi chaki, wewe kaa nyuma. Akisema jambo lisiloeleweka, usimfafanulie. Mwombe mwenzake alirudie kwa maneno mengine.

Dakika 3: "Mmeona 2, 4, 6. Shilingi 700 je?" (2 + 4 + 6 + 8 = 20.)

Dakika 2: kila mmoja aandike kwenye daftari sentensi moja ya *mbinu*, siyo jibu. Kwa mfano: "Kuhesabu namna zote, anza na sarafu kubwa." Baada ya muhula ana sentensi kumi hivi, na hizo ndizo silaha zake.

Kinachoharibu Ijumaa mara nyingi ni mwalimu kumwita bingwa kwanza. Njia nzuri ikishaonekana, hakuna atakayethubutu kuonyesha ya kwake.

14. Na kama hakuna aliyepata?

Usilifumbue. Lipeleke wiki ya pili likiwa dogo. Mfano: milango 100 imefungwa, mtu wa 1 anageuza kila mlango (uliofungwa anaufungua, uliofunguliwa anaufunga), wa 2 anageuza kila mlango wa pili, wa 3 kila wa tatu, hivyohivyo hadi wa 100, ipi inabaki wazi? Darasa likikwama, sema "iwe milango 10 na watu 10" na uwape visoda 10 wavipindue. Watapata 1, 4 na 9, nao watajua wenyewe pa kwenda: milango 10 yenye namba za miraba, kuanzia 1 hadi 100. Likishindikana wiki mbili mfululizo, lilikuwa gumu kwa darasa hilo. Lihifadhi.

15. Mwanafunzi amekuja na njia nisiyoielewa.

Sema hivyo waziwazi: "Sijaifuata bado, nipe hadi Jumatatu." Nyumbani ijaribu kwa namba nyingine ndogo. Ikifanya kazi kwa namba tatu tofauti, tafuta sababu. Ikivunjika, mpe mfano unaoivunja aone mwenyewe. Heshima ya mwalimu haipungui kwa hilo.

## Kusahihisha na kupima

16. Nitoe alama? Nitoe zawadi?

Alama za fumbo zisiingie kwenye jumla ya muhula. Zikiingia, mwanafunzi atatafuta jibu salama na kunakili kutaanza upya (swali la 12). Ukitakiwa kuonyesha kitu kwa mkuu wa shule, tumia vema nne: ameonyesha ameelewa swali, amejaribu njia, njia imefika, amehakiki. Mwenye jibu baya lakini mchoro mzuri anapata mbili, na mwenye namba peke yake bila maelezo anapata moja.

Zawadi ya daftari au kalamu kwa "wa kwanza kupata" inawafukuza wengine wote. Ukitaka kuheshimu mtu mstarini, mtaje aliyeuliza swali zuri au aliyegundua kosa lake mwenyewe.

17. Nitajuaje kwamba uwezo unakua kweli?

Kwanza hesabu karatasi tupu. Wiki ya kwanza, wangapi walirudisha karatasi isiyo na alama yoyote ya kalamu? Andika namba hiyo. Kupungua kwake ndiko ishara ya mapema kuliko zote, inakuja hata kabla ya majibu sahihi.

Kisha, wiki ya mwisho wa muhula toa fumbo la familia mojawapo waliyoipitia, lakini kwa sura ambayo hawajawahi kuiona, dakika 30, kila mmoja peke yake. Linganisha na la wiki ya kwanza kwa zile vema nne. Usitegemee matokeo ya mtihani wa muhula yapande mara moja, kwa sababu mitihani mingi huuliza mazoezi zaidi kuliko mafumbo.

## Hali za pekee

18. Nina wanafunzi 90 kwenye chumba kimoja.

Fumbo ni lilelile. Kinachobadilika ni karatasi. Wafanye kazi kwa dawati, karatasi moja kwa watatu, kila mmoja akiandika sehemu kwa mwandiko wake. Unabaki na karatasi 30. Hizo usizisahihishe moja moja: zigawe katika mafungu manne kwa kuzitupia macho (tupu, zimeanza, zimefika kwa kasoro, zimefika), kazi ya kama dakika 15, halafu chagua tatu za Ijumaa kutoka mafungu tofauti. Badilisha anayeshika kalamu kila wiki, la sivyo mmoja atafumbua na wawili watashuhudia.

19. Hatuna karatasi, printa wala umeme.

Kona ya ubao inatosha (swali la 10). Mafumbo ya vitu ni bora zaidi. Leta dumu la lita 5, la lita 3 na ndoo ya maji: pima lita 4 kamili. Jaza la 5. Jaza la 3 kutoka kwenye la 5, yanabaki 2. Mwaga la 3. Hamishia hizo 2 humo. Jaza la 5 tena. Jaliza la 3 kwa lita 1. Yamebaki 4, hatua 6. Anayeanza na dumu la 3 atafika pia, kwa hatua 8, na kulinganisha njia mbili hizo ni Ijumaa nzuri sana. Weka alama ya kipimo kwa kalamu ya wino mzito, maana dumu likijazwa hadi mdomoni hubeba zaidi ya kiasi kilichoandikwa, na mtoto makini ataliona. Maji yamwagwe kwenye ndoo yasipotee.

20. Kuna mwanafunzi asiyeona, na mwingine asiyesikia.

Kwa asiyeona, chagua mafumbo yanayoshikika: visoda, kete, kamba yenye mafundo badala ya miche. Milango 10 ya swali la 14 inafanyika vizuri kwa visoda, kwa sababu upande wenye meno unahisika kwa kidole. Mpe siku moja mapema ikiwa la maandishi linahitaji kuandikwa kwa nukta nundu. Kwa asiyesikia, Jumatatu ndiyo hatari, kwa kuwa mengi yanasemwa. Andika swali lote, na igizo lifanyike mbele yake. Ijumaa mwelezaji amwelekee uso, asizungumze huku akiandika ubaoni.

21. Mzazi anamfanyia mtoto nyumbani.

Mpe mzazi kazi nyingine. Andika chini ya fumbo: "Mama, baba, bibi: mwulize akueleze fumbo linataka nini. Usimpe jibu." Mzazi asiyejua hisabati anafaa zaidi hapa, kwa kuwa mtoto atalazimika kueleza hadi aeleweke.

22. Hii ndiyo maandalizi ya mashindano kama Olimpiadi ya Hisabati ya Afrika?

Ni msingi wake, si mbadala. Mashindano hayo, yaliyoanza mwaka 1987, yanataka pia nadharia ya namba, jiometri ya uthibitisho na mazoezi marefu ya kuandika hoja. Wenye hamu waundie klabu ya pembeni baada ya vipindi. Usilipandishe fumbo la darasa zima liwafae wao watano; wape nyongeza, kama ilivyo katika swali la 12.

23. Wiki za mitihani na sikukuu zinakata mfululizo.

Wiki ya mitihani, usitoe. Wiki yenye siku tatu, toa nyongeza ya fumbo lililopita badala ya jipya. Likizo ndefu, toa moja tu ambalo halihitaji daftari, na siku ya kufungua shule anza na majadiliano yake kabla ya somo jipya. Wengine watakuwa wamesahau, lakini watakuwepo wawili watatu walioliuliza hadi ukoo mzima, nao wataanzisha mazungumzo.